MLANGO WA JEHANUM: NAMNA YA KUTEMBEA KANDO YA KUTA ZA LUALABA



Toka mwanzo wa mwaka huu wa masomo tumesikia maneno mengi uwanjani juu ya safari ya kwenda kuona Portes d'Enfer, ile milango ya mawe ambamo mto Lualaba unapita. Wengine wanasema: twende tu, ni mto kama mito mingine, sisi watoto wa Kasongo tutaogopa maji gani? Wengine wanasema: jina lenyewe linatosha, tukae nyumbani. Walimu nao wanauliza: kama mtoto mmoja hakurudi, ni nani atasimama mbele ya baba yake na mama yake? Hilo ndilo ulizo kubwa. Kwa hiyo sisi wa kundi la jeografia tumeona vema kueleza mambo kwa utaratibu: mahali pale ni nini, hatari yake inatoka wapi, watu wa inchi nyingine wenye milango kama hii wamefanya namna gani, na safari ya siku moja pamoja na kiongozi inatengenezwa vipi. Nyuma ya kusoma, kila mtu akate shauri kwa akili, si kwa kelele.

1. IKO WAPI?

Wote tunaujua Lualaba kwa sababu unapita karibu na Kasongo. Lakini wengi wetu tunaujua mahali ulipo mpana na mpole, pale watu wanavuka kwa mitumbwi wakiwa na kuku na kinga zao. Ukipanda mto kwenda kusini, unapita kwanza mdomo wa Luama, ule mto unaotoka upande wa Kabambare. Ukiendelea kupanda, mbele ya kufika Kongolo, unakuta vilima vinasogeleana na mto unabanwa katikati ya mawe. Pale ndipo Portes d'Enfer. Kongolo si Maniema; iko katika provinsi ya Tanganyika, iliyozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ya zamani ilipogawanywa. Basi anayetoka kwetu anavuka mpaka wa provinsi. Mkumbuke neno hili, tutalirudilia tukisema juu ya makaratasi.

Katika Kiswahili cha vitabu bonde jembamba lenye kuta za mawe huitwa korongo. Upana wa mto katika korongo hili husemwa kuwa meta 100 tu au karibu. Juu yake, upande wa Kongolo, mto uko na mamia ya meta toka ng'ambo mpaka ng'ambo. Mwulize yeyote aliyeona daraja la gari la moshi la Kongolo, lililofunguliwa mwaka 1939. Maji yote yale yanaingia katika mlango mwembamba.

Na ni maji mengi kweli. Yako maji ya Lualaba yenyewe kutoka Katanga, yaliyopita katika maziwa na matope ya Upemba. Yako maji ya Luvua, yanayotoka ziwa Mweru na kuingia mtoni pale Ankoro. Yako maji ya Lukuga, yanayotoka ziwa Tanganyika. Wote watatu wamekwisha kuungana mbele ya kufika mlangoni.

2. SABABU GANI MAJI YANAKASIRIKA PALE?

Wengine wanafikiri kama mto unakasirika tu kwa tabia. Hapana. Ni hesabu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifanya.

Tutwae mfano. (Hesabu hizi ni za mfano, si vipimo vya mto.) Tuseme mto una upana wa meta 400, kina cha meta 5, na maji yanakwenda meta 1 kila sekunde. Zidisha: 400 mara 5 mara 1, ni 2000. Ni kusema kila sekunde meta kubu 2000 za maji zinapita. Sasa mto unafika mahali penye upana wa meta 100. Maji hayawezi kubaki nyuma na kungoja, sababu mengine yanayasukuma. Lazima zile 2000 zipite. Kama kina kinabaki meta 5, mwendo lazima uwe meta 4 kila sekunde, ni kusema mara nne. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia kwa nguvu. Kama mto umechimba chini mpaka meta 10, mwendo unabaki meta 2. Ndiyo sababu katika milango kama hii mto unafanya yote mawili: unachimba chini na unakimbia.

Tena mawe ya chini na ya kando hayako sawasawa. Maji yanagonga jiwe, yanarudi nyuma, yanakutana na mengine yanayokuja, yanazunguka. Juu unaweza kuona maji laini kama mafuta, na chini yake kuna mzunguko unaovuta. Kwa hiyo maneno ya "mimi ninajua kuogelea" hayana kazi pale. Kujua kuogelea katika Luama wakati wa kipwa ni jambo moja, na mlango huu ni jambo lingine.

Mlango huu ulifanyika namna gani? Wenye elimu ya mawe wanaeleza kama mawe ya pale ni ya kale sana na magumu. Wengine wao wanafikiri zamani maji ya upande wa Upemba yalisimama juu yake kama ziwa, kisha mto ukakata njia polepole kwa miaka isiyohesabika, ukashuka mpaka bonde kubwa la Kongo. Wataalamu wa samaki nao wanauhesabu mlango huu kuwa mpaka: samaki wengi wa juu si wale wa chini, kwa sababu maji makali yanafunga njia. Basi samaki nao wanaujua huu mlango.

3. JE, NI MLANGO WA JEHANUM KWELI?

Sisi ni masomo ya Kiprotestanti, na wengine wanashituka wakisikia jina hili. Tusishituke. Portes d'Enfer ni jina la Kifaransa, ni kusema Milango ya Jehanum, na wasafiri wa Kizungu wamezoea kupa mahali pa kutisha majina ya namna hiyo. Kule Kenya, karibu na Naivasha, iko milango miwili ya mawe yenye kuitwa kwa Kiingereza jina hilohilo. Wazungu Fischer na Thomson walipita pale mwaka 1883. Kwa hiyo milango ya Jehanum katika Afrika si mmoja, na hakuna hata mmoja wenye moto wa shetani. Hatari ya pale ni maji, mawe na kiburi cha mtu. Mambo hayo matatu yanatosha.

4. WALIOPITA MBELE YETU

Ni ajabu kama wasafiri wakubwa wanaosifiwa katika vitabu vya historia hawakuupita mlango huu. Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, akakaa kule miezi mingi kwa ugonjwa na kwa kukosa watu wa kumsindikiza, na mwaka 1871 akafika Nyangwe. Stanley alifuata bonde la Luama kutoka Kabambare, akauona Lualaba katika mwezi wa 10 wa mwaka 1876, kisha akashuka na mto pamoja na Tippu Tip. Kwa kuwa Luama unaingia Lualaba chini ya mlango, wote waliotoka Kabambare waliuacha nyuma yao, upande wa kusini. Nyuma ya vita vya mwaka 1893, wakati Kasongo ilipotekwa, Hinde na Mohun walipanda mto kutoka Kasongo mwaka 1894 mpaka mdomo wa Lukuga.

Kisha wakaja watu wa biashara wenye kutaka kupitisha mizigo. Mashua ya moshi yaliweza kupanda kutoka Kongolo mpaka Bukama, lakini kushuka kutoka Kongolo hayakuweza, sababu ya mlango na maporomoko yanayofuata. Ndipo kampuni ya CFL ikajenga gari la moshi kutoka Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, lililofunguliwa mwaka 1911. Tazama basi: ile reli ambayo babu zetu walibeba vyuma vyake, haikuwekwa kwa mapambo. Iliwekwa ili watu na mizigo wauzunguke mlango huu na maporomoko mengine. Kampuni yenye mali na mashini iliona hekima kuuzunguka. Je, kundi la wanafunzi wenye kambambili miguuni litaupita kwa mtumbwi?

5. WENGINE WAMEFANYA NAMNA GANI?

Katika inchi ya Hispania, karibu na mji wa Málaga, iko korongo ambalo mto Guadalhorce unapita kati ya kuta ndefu sana. Kati ya miaka 1901 na 1905 wajenzi wa mashini za umeme wa maji waliweka njia nyembamba ukutani, upana wa meta moja hivi, na juu ya maji kiasi cha meta 100, ili wafanyakazi wapite toka maporomoko moja mpaka lingine. Mwaka 1921 mfalme Alfonso wa 13 alitembea juu yake, na toka siku hiyo watu wakaiita Caminito del Rey, ni kusema njia ndogo ya mfalme.

Lakini njia isiyotunzwa inakufa. Saruji ikapasuka, vyuma vikala kutu, matundu yakafunguka. Vijana wenye kupenda sifa wakaendelea kupanda, na katika miaka ya 1999 na 2000 watu kadhaa wakaanguka wakafa. Serikali ikafunga njia. Ikafunguliwa tena katika mwezi wa 3 wa mwaka 2015 tu, nyuma ya kujenga nyingine mpya ya mbao na chuma juu ya ile ya zamani. Sasa kila anayeingia anavaa kofia ngumu kichwani, watu wanahesabiwa, wanakwenda upande mmoja tu, na mtoto chini ya miaka 8 hapokelewi. Wengi wanakwenda na kiongozi, asubuhi wanaingia, mchana wanatoka. Siku hizi watu wa dunia yote wanalipa mali ili watembee pale ambapo zamani watu walikufa. Mawe ni yaleyale. Kilichogeuka ni utaratibu.

Mfano wa pili ni ule wa Kenya, nao unatuhusu zaidi. Hell's Gate, ile ya Naivasha, ni pori la serikali toka mwaka 1984, na ndani yake kuna korongo jembamba ambalo wageni walikuwa wakishuka kwa miguu pamoja na viongozi. Siku nyingi chini yake kuna maji kidogo tu. Katika mwezi wa 4 wa mwaka 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikuwa ndani ya korongo, na maji ya gharika yakaja ghafula. Vijana saba wakafa. Mwaka 2019, tarehe 1 ya mwezi wa 9, jambo likarudi: watu saba tena, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa njia mwenyewe.

Tukae kidogo juu ya neno hili, sababu hapa ndipo kuna fundisho. Maji yaliyowaua hayakuhitaji kunyesha juu ya vichwa vyao. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya vilima, maji yakakusanyika katika mifereji, yakaingia yote katika bonde moja jembamba. Ukiwa chini huoni wingu, unaona ukuta wa maji. Na kuta za mawe hazina mahali pa kukimbilia. Tena ile ya 2019 inatufundisha kama kiongozi si dawa ya kila kitu. Kiongozi anajua njia. Hawezi kusimamisha mvua. Ndiyo sababu siku yenyewe lazima ichaguliwe vizuri, na kundi lote lazima likubali kurudi bila kunung'unika.

6. NAMNA YA KUTENGENEZA SAFARI

Kwetu hakuna njia ya mbao na chuma, hakuna kofia, hakuna mlinzi wa mlangoni. Kwa hiyo tunapaswa kujiwekea amri sisi wenyewe.

Siku. Tuchague wakati wa kipwa, mwezi wa 6 mwishoni mpaka wa 8. Mawe yamekauka, majani si marefu, na vijito vya kando havina maji ya ghafula. Lakini mjue hili: Lualaba mkubwa hauteremki siku ileile mvua inapokoma. Maziwa ya Upemba yanashika maji kwanza kama sifongo, kisha yanayaachilia polepole. Basi hata jua likiwaka, mto unaweza kuwa umejaa bado. Tuwaulize wavuvi wa pale, hapana kutazama mbingu ya Kasongo.

Mwendo. Wengine wanadanganyana kama ni safari ya siku moja toka hapa. Si kweli. Siku moja inahesabiwa toka Kongolo, na tunapaswa kulala kule usiku uliotangulia. Tusiweke tumaini letu juu ya gari la moshi, likipatikana tutashukuru. Ndugu zetu wa Kabambare wako na njia ndefu zaidi, na upande wa Kabambare na Salamabila umeona fujo za watu wenye silaha katika miaka iliyopita. Kwa hiyo, mbele ya safari, tuulize habari za njia katika biro ya teritwari. Wakisema "bado", jibu letu liwe "ndiyo, tunangoja". Hapana kubishana.

Makaratasi. Tuwe na karatasi ya safari yenye mhuri wa masomo, orodha ya majina yote, na barua ya mzazi wa kila mwanafunzi. Tunavuka mpaka wa provinsi, na askari wa kizuizi wana haki ya kuuliza. Tukifika, twende kwanza kumsalimu sultani wa mahali. Ni desturi, na ni akili vilevile: mgeni asiyejulikana, akipotea, nani atamtafuta?

Kiongozi. Tusichague mwenye maneno matamu sokoni. Tutafute mvuvi mtu mzima, mwenyeji wa pale, ambaye sultani na wenzake wanamshuhudia. Tupatane naye juu ya malipo kabla ya kuondoka, mbele ya mwalimu, ili kusiwe na maneno njiani. Viongozi wawe wawili: mmoja mbele, mmoja nyuma, na wanafunzi wasipite kumi kwa mwalimu mmoja. Kiongozi akisema turudi, tunarudi, hata kama tumetembea tangu asubuhi na mlango unaonekana kwa macho. Mwenye kubisha hapa atatuua sisi wote.

Saa. Kuondoka saa 12 asubuhi, jua likitoka. Saa 6 ya mchana tuwe tumekwisha kugeuka, mahali popote tulipo. Kwetu jua linazama karibu saa 12 ya jioni, na giza linaanguka mara moja. Kando ya kuta za mawe giza linafika mbele.

Vitu. Viatu vyenye kushika mguu. Kambambili zibaki nyumbani. Kofia, sababu mawe yanarudisha joto la jua. Maji yaliyochemshwa, yatoshe siku yote. Mihogo, karanga, ndizi. Kamba ndefu moja yenye nguvu, bendeji, na dawa za mwalimu wa afya. Mzigo uwe mgongoni, mikono yote miwili ibaki huru.

Amri za njia. Tumeziandika fupi ili zishikwe kichwani:

– Kila mmoja ana namba yake. Tunahesabu mwanzoni, kila tukipumzika, na mwishoni.
– Hapana kukimbia, hapana kusukumana, hata kwa mchezo.
– Tunatembea upande wa ukuta, si upande wa maji.
– Jiwe lenye rangi ya majani au lenye kung'aa linateleza. Usilikanyage.
– Hapana kutupa mawe chini. Huenda mvuvi yuko chini.
– Kutazama ni kusimama. Anayetembea anatazama miguu, anayetazama mto anasimama kwanza.
– Picha za simu zinapigwa mahali kiongozi ameonyesha tu, na hakuna mtu kurudi nyuma kwa ajili ya picha.
– Hakuna kuoga. Hakuna kuingia mtumbwi ndani ya mlango, hata mwenyeji akikuita.
– Mvua ikianza, au maji yakigeuka rangi na kuleta miti na majani, tunapanda juu upesi. Tutaulizana maneno huko juu.

7. KWA WALE WANAOSEMA TUSIENDE

Tunawaheshimu, sababu wanasema kwa upendo. Lakini tunawaomba wafikiri neno moja. Wanafunzi wengi wa kwetu wanamaliza masomo wakijua majina ya mito ya Ubelgiji na Ufaransa, na mto ulio karibu na nyumbani hawajui unatoka wapi wala unapita namna gani. Mtoto asiyeujua mto wake hawezi kuuogopa kwa akili. Anauogopa bure au anaudharau bure, na yote mawili yanaua. Aliyesimama juu ya jiwe, akaona mto mzima ukikunjwa katika meta 100, huyo hatapanda tena mtumbwi wenye kujaa kupita kiasi pale kivukoni.

Na wale wanaosema twende tu, nao tunawaambia: mwenye kukataa kuhesabiwa, mwenye kuona haya kurudi, huyo abaki. Afadhali kundi la watu kumi na wanne linalorudi na watu kumi na wanne.

Shauri letu kwa mkuu wa masomo na baraza la walimu ni hili: mwaka huu walimu wawili watangulie pamoja na mvuvi mwenyeji, watembee njia yote, watuletee habari. Wakiona ni vema, wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wafuate wakati wa kipwa. Wakiona si vema, tutakubali, na mlango utatungoja. Umengoja siku nyingi mbele yetu.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Mto una upana wa meta 300, kina cha meta 4, mwendo wa meta 1 kwa sekunde. Unaingia mahali penye upana wa meta 100 na kina cha meta 6. Mwendo wake mpya ni nini?
2. Sababu gani Stanley, akitoka Kabambare, hakuupita mlango huu?
3. Sababu gani jua la leo si ushuhuda wa kutosha kama mto hauna hatari?

Majibu mlete kwa mwalimu wa jeografia mbele ya siku ya posho.

Kundi la Jeografia